Macho hayana pazia: tulivyoshinda Selfridges mimi na mama yangu

Mama alikuja kunitembelea hapa Uingereza mwezi wa tano akakaa wiki sita, na ile wiki ya kwanza nikamuuliza mama, London unataka uone nini nikupeleke, nikijua atasema ikulu ya mfalme au lile daraja linalofunguka katikati. Akasema "nipeleke kwenye duka lao kubwa la nguo, nikaone wanavyopanga". Asiyemjua mama yangu atashangaa. Mama anauza vitenge na khanga Kariakoo, mwaka huu ni wa ishirini na kitu, jua lake mvua yake, kwahiyo kwake yeye duka sio mahali pa kununulia tu, analiangalia kama fundi ujenzi anavyoangalia nyumba aliyojenga fundi mwenzie.

Maduka makubwa ya kifahari London yako kadhaa, Harrods iko Knightsbridge, Harvey Nichols haiko mbali na hapo, Liberty nayo ina lile jengo la mbao nyeusi na nyeupe zuri mno. Nikachagua Selfridges ya Oxford Street kwa sababu moja, na hiyo sababu ndo imenifanya niandike maoni marefu hivi, mnivumilie.

Miaka michache nyuma, nikiwa ndo kwanza nimeingia nchi hii, niliingia duka moja la nguo za bei mbaya, jina na mji sitataja. Nilikuwa nimetoka kazini, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, ile sare ya kazi iko chini ya koti. Hata dakika tano sijamaliza mlinzi yuko nyuma yangu, nikienda kulia yupo, nikienda kushoto yupo, mara dada wa mauzo akaja akaniuliza natafuta kitu gani hasa, nikamwambia naangalia tu, akanijibu vitu vyetu bei yake iko juu. Basi. Sijaiba, sijagusa, naangalia tu jamani. Nilitoka pale kitu kimenikaba kooni na sikumwambia mama, kwa sababu angeniuliza kwani ulifuata nini kule, na mi jibu sina, nilifuata kuona vitu vizuri.

Sasa huyu bwana aliyeanzisha Selfridges na yeye yalimkuta. Harry Gordon Selfridge, Mmarekani, kazaliwa 1858 Ripon, jimbo la Wisconsin. Baba yake alienda kupigana vita ya wenyewe kwa wenyewe, vita vikaisha na nyumbani hakurudi, mama yake Lois akamlea kwa mshahara wa ualimu. Mwaka 1879 akaingia Chicago kwenye duka la Marshall Field, akaanzia chini kabisa upande wa jumla, akakaa pale miaka 25 mpaka akawa mshirika. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba enzi hizo alipokuja London kutembea aliingia duka moja, msimamizi akamuuliza bwana unataka kununua nini, akajibu naangalia tu, akaambiwa basi tokomea. Nilivyokisikia hiki kisa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu, niliona kama ni mimi.

Maana duka la London la enzi zile lilikuwa hivi, bidhaa iko nyuma ya kaunta au ndani ya kabati, unapokelewa mlangoni na msimamizi, unaulizwa shida yako, unapelekwa kwenye kaunta husika unatolewa kitu kimoja kimoja, na ukitoka bila kununua umejiaibisha. Sisi tuliokulia Dar duka la namna hiyo tunalijua, lile la kaunta ndefu, kitambaa kiko shelfu ya juu unakionyesha kwa kidole, ukishushiwa majora matatu halafu ukasema asante nitarudi, mwenye duka anakuangalia mpaka unavuka barabara.

Selfridge alikuja kulivunja hilo. Alifika London 1906, akapata kiwanja upande wa magharibi wa Oxford Street, upande ambao wenye maduka wakubwa hawakuutaka, mshirika wake wa kwanza Samuel Waring akajitoa njiani, akaokolewa na mfanyabiashara wa chai aliyeitwa John Musker. Mchoro wa jengo ukatoka kwa Daniel Burnham wa Chicago, fremu ya chuma ndani, nje nguzo kubwa za mawe kama hekalu la Wagiriki. Mlango ukafunguliwa tarehe 15 Machi 1909. Na hapo lilikuwa limejengwa lile pande la kona ya Duke Street tu, jengo lote mnaloliona leo lilikamilika 1928, miaka 19 baadaye, wakati wote huo duka linauza.

Matangazo yake yalikuwa yanawaalika watu waje washinde. Neno ndo hilo hilo, kushinda, kama mtu anavyoenda kushinda kwa shangazi yake. Njoo usome magazeti, kuna chumba cha kuandikia barua, kuna sehemu ya kula, kuna chumba cha ukimya ambacho mtu anakaa tu apumzike, kuna vyoo vya kinamama, na hili la vyoo msilipite haraka, mwanamke wa enzi zile akitoka kwake kwenda mjini alikuwa anahesabu saa za kurudi. Hununui? Karibu tu. Bidhaa akazitoa kwenye makabati akaziweka mezani watu wazishike. Marashi na vipodozi akavileta mbele kabisa chini, karibu na mlango, na leo ingia duka lolote kubwa la namna hii duniani, ukivuka mlango tu ni marashi. Wanawake waliokuwa wanapigania haki ya kupiga kura, yeye alikuwa anaweka matangazo ya duka lake kwenye gazeti lao, wakati wenzie wanawaona ni wahuni wa kuvunja vioo.

Sasa twende kwenye siku yenyewe. Tulishuka stesheni ya Bond Street saa nne asubuhi siku ya Jumanne, na nawashauri nyote mwende siku ya kazi asubuhi, Jumamosi ile Oxford Street ni Kariakoo ya mkesha wa Idi. Mama alivyofika mbele ya lango kuu hakuingia. Alisimama akainua shingo. Juu ya lango kuna saa kubwa na sanamu ya malkia amesimama kwenye omo ya merikebu, anaitwa Malkia wa Wakati, kazi ya Gilbert Bayes, imewekwa pale 1931. Mama akauliza kwanini duka liwe na malkia mlangoni, nikamwambia sijui mama, akasema "mwenye hili duka alitaka mtu ajione mgeni rasmi".

Halafu madirisha. Hapa ndo tulikaa muda mrefu kabla hata ya kuingia, na mi naona ndo roho ya hili duka. Selfridge alimleta mpambaji wake kutoka Chicago, Edward Goldsman, wakayafanya madirisha kama jukwaa la maigizo, yamepangwa kwa picha moja yenye kisa, sio kama wenzie waliokuwa wanajaza kila walichonacho mpaka kioo hakionekani, na usiku taa zinabaki zinawaka baada ya kufunga ili anayepita aone. Fikiria hilo, duka limefungwa, hakuna wa kumuuzia, taa zinakula umeme bure, ila mpita njia anaangalia. Mama alikuwa anatoka dirisha moja kwenda lingine anahesabu kwa vidole rangi zilizotumika, akasema kila dirisha rangi hazizidi tatu, mi nimepita pale mara ngapi sikuwahi kuliona hilo.

Ndani chini ni ukumbi wa urembo na mikoba, mwanga mwingi, marashi mpaka kichwa kinajaa. Tukiwa hapo nikasikia nyuma yangu "hii si udi hii, sukari tupu", Kiswahili cha Unguja kabisa. Kugeuka ni wamama wawili wa makamo wamevaa mabaibui meusi mazuri. Nikawaamkia shikamooni, wakaitika marahaba mwanangu, na mama wakasalimiana kiutu uzima, habari za huku, habari za watoto, ikajulikana ni watu wa Maskati, bibi zao walizaliwa Zanzibar, na walikuwa wanatafuta marashi ya Amouage, ambayo ni ya kwao hukohuko Oman, kampuni imeanza 1983. Nikawauliza mnatoka Oman mnakuja kununulia London marashi ya Oman, mmoja akacheka akasema "mwanangu mi nanusa tu, kununua n'tanunua kwetu". Mama alifurahi siku nzima kwa ajili ya wale wamama. Na watu wa Ghuba pale ni wengi, hasa majira ya joto, Edgware Road iko hatua chache tu kutoka hapo na ukiitembea utadhani uko Bairuti.

Tukapanda juu kwa ngazi za umeme. Nilimwambia mama hapa ndani mwaka 1909 ililetwa ndege. Louis Blériot, Mfaransa, tarehe 25 Julai mwaka huo alirusha ndege kuvuka bahari kutoka Ufaransa mpaka Dover, mtu wa kwanza kuivuka kwa ndege yenye injini, Selfridge akaikimbilia, akaichukua ileile ndege akaiweka dukani kuonyesha bure, watu zaidi ya laki moja wakaja kuiona ndani ya siku chache. Na 1925 John Logie Baird alikuja na mtambo wake wa televisheni ukiwa bado ni waya na visahani, akauonyesha hapahapa kwa wiki tatu, ilikuwa vivuli tu vinavyocheza, ndo mara ya kwanza watu wa kawaida kuona picha inasafirishwa. Mama aliuliza la maana, "na walionunua kitu walikuwa wangapi?" Nikamwambia jibu unalo wewe mwenye duka, akanyamaza akatafakari akasema mtu akishaingia mara moja na hakufukuzwa, ipo siku anarudi na hela.

Wakati wa vita vya pili kuna lingine linanisisimua hadi leo. Jengo la nyuma, chini kabisa ardhini, waliweka mtambo wa simu ya siri wa Wamarekani ulioitwa SIGSALY, una uzito wa zaidi ya tani 50, wa kuvuruga sauti ili Churchill na Rais wa Marekani waongee Wajerumani wasielewe. Juu watu wanachagua kofia, chini yao vita inapangwa. Juu ya paa kulikuwa na bustani za kutembea, mabomu ya 1940 yakazimaliza.

Ghorofa ya nguo za kike sasa. Hapa ndo nilikuwa na hofu kweli, nawaambia ukweli, moyo ulikuwa unadunda, kwa sababu mama yangu hajui kuangalia kwa macho, anaangalia kwa mikono. Alikamata gauni la hariri akapindua upindo kuona mshono wa ndani, akavuta uzi kidogo, akakiweka kitambaa shavuni. Nikaangalia bei, pauni elfu tatu mia mbili na kitu, ukizigeuza shilingi ni zaidi ya milioni kumi. Nikageuka nikijua mtu anakuja. Na kweli alikuja, dada mmoja mrefu mwembamba, akatusalimia akamwambia mama ule upindo umeshonwa kwa mkono, nikatafsiri, mama akamwonyesha sehemu mbili ambapo mashine imepita, dada akainama akaangalia akasema kumbe kweli, wakaendelea wao wawili na gauni lile, mimi mkalimani katikati, labda dakika kumi. Hakuuliza kama tunanunua. Alituaga akatuambia muendelee kuangalia kwa raha zenu. Kwa huduma hiyo peke yake nawapa nyota tano, wengine watasema ndo kazi yake, sawa, ila nimeshaona wasioifanya.

Yapo nisiyoyapenda. Ghorofa nyingi siku hizi zimekatwakatwa vipande, kila brandi kubwa ina kona yake na kuta zake na wafanyakazi wake, kwahiyo unapita kama uko kwenye mtaa wa maduka ya watu tofauti walioweka paa moja, ile picha moja ya duka zima inapotea. Yule mzee alikuwa na sehemu ya bei nafuu kule chini kwa wenye mfuko mdogo, leo mwenye mfuko mdogo anachoweza kutoka nacho ni chokoleti, chai, soksi, au sendwichi ya nyama ya chumvi ambayo wanasifika nayo kule kwenye ukumbi wa vyakula. Sisi tulikunywa chai na keki moja vijiko viwili. Chai nzuri, mama aliilalamikia kukosa iliki. Upande mwingine nawapongeza kwa kuacha kuuza manyoya ya wanyama tangu 2005, na baadaye wakaacha na ngozi za mamba na nyoka, kwa duka la kifahari hilo sio jambo dogo.

Umiliki umezunguka sana, nitaupita haraka. Mwaka 1951 likanunuliwa na Lewis's, kampuni ya maduka ya Liverpool, 1965 likaenda kwa kundi la Sears la Charles Clore, na kuna miaka lilichakaa kweli mpaka alipokuja bosi Mtaliano Vittorio Radice miaka ya 1990 akalifufua, wakafungua Manchester 1998, na Birmingham 2003 wakajenga lile jengo la kama samaki lenye visahani elfu kumi na tano vya alumini. Mwaka huohuo 2003 familia ya Weston ya Kanada ikalinunua kwa pauni milioni 598, na 2022 likauzwa tena, inatajwa bei ya kama pauni bilioni nne, kwa kampuni mbili, Central ya Thailand na Signa ya Austria. Signa wakafilisika mwaka uliofuata, mwaka 2024 nafasi yao ikachukuliwa na mfuko wa serikali ya Saudi Arabia.

Selfridge mwenyewe je, aliishiaje? Hapa mama alinisimamisha nimweleze vizuri. Miaka ya 1920 alikuwa tajiri wa kutajwa, anakaa jumba la Lansdowne House, anakodi na ngome ya Highcliffe kule pwani. Lakini mkewe Rose alifariki 1918, mama yake Lois, ambaye alikaa naye miaka yote hiyo, akafariki 1924, na baada ya hapo ni kama breki ilikatika. Kamari, farasi, na wale mapacha wacheza dansi Jenny na Rosie Dolly aliowamwagia pesa na vito. Aliwekeana dau na bosi wa Harrods kwamba atawapita kwa mauzo, akashindwa, 1927 akawalipa kwa mfano wa jengo la Harrods uliotengenezwa kwa fedha tupu. Deni likapanda, la duka na la kodi, na mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa vita bodi ya duka lake mwenyewe ikamweka pembeni, pensheni nayo wakaipunguza. Akahamia fleti ya kupanga Putney. Wanasimulia kwamba alikuwa anapanda basi kutoka Putney anakuja Oxford Street, mzee amevaa koti lililochakaa, anasimama ng'ambo ya barabara anaangalia madirisha, na kwamba kuna siku polisi walimkamata wakidhani ni mzururaji. Alifariki tarehe 8 Mei 1947, miaka 89, kazikwa Highcliffe pembeni ya mkewe na mama yake.

Namalizia kumweleza hayo tuko kituo cha basi, ng'ambo ya duka, madirisha yote yanaonekana. Mama hakusema neno. Nikamwambia na kile kisa changu cha lile duka la mwanzo, nikakisema chote, sare ya kazi, mlinzi, na yale maneno ya dada. Alinishika mkono akauliza "na lile gauni ulilokuwa unaliangalia lilikuwa rangi gani?" Bluu mama. Akasema bluu inakupendeza. Basi letu likaja.

Tulichonunua ni kopo moja la chai, tukapewa na ule mfuko wa njano unaojulikana dunia nzima, njano yenye namba yake kabisa kwenye orodha ya rangi ya Pantone, namba 109. Kuingia bure, hakuna wa kukuuliza, vaeni viatu vya kutembelea, kuleni nyumbani kwanza, na madirisha rudini kuyaangalia usiku.

Mama amesharudi Dar. Wiki iliyopita alinitumia picha ya duka, nikaikuza nione vizuri. Doti zote za khanga kazitoa kwenye nailoni kazishusha kutoka shelfu ya juu, ziko mezani mbele pale mtu anapita anazifikia kwa mkono, na kazipanga rangi tatu tatu. Nikamwambia mama, na vumbi la hapo je? Akanijibu kwa voisi, "nitakung'uta."